Mbuzi ya kukunia nazi: jina limetokana na nini, na mbona tui linachafuka?

Jikoni Ng'ambo anauliza:
Assalamu alaykum. Kwa nini chombo cha kukunia nazi kikaitwa mbuzi? Na ni "mbuzi huyu" au "mbuzi hii"? Jengine: kuna wakati tui hutoka na chembe nyeusi na halina uzito, ingawa nazi ni kavu na nzima. Kasoro ni ya mbuzi au ya mkono?

Mwana wa Chake:
Waalaykum salaam, bibie. Mnyama ana roho, kwa hivyo mbuzi wangu amekula. Chombo ni mbuzi yangu imeota kutu. Tena husemwa "ya kukunia", kama tusemavyo kisu cha kukatia.

Neno ni la Kibantu hasa, halikuja na majahazi. Waganda husema *embuzi*, Wazulu *imbuzi*. Tofauti na meza, iliyotoka kwa Wareno, au sahani, iliyotoka Kiarabuni. Chombo nakiona kimepewa jina kwa umbo lake: kikunjue ukitazame kwa ubavuni, kina miguu, mgongo wa kukalia, na shingo iliyochomoza mbele. Si sisi peke yetu tuliokwenda njia hiyo. Watu wa Tailandi, nao mapishi yao ni ya tui, mbuzi yao huiita *krathai*, yaani sungura.

Fundi wa Wete:
Chembe nyeusi ni mkono. Ile ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu ukishaifikia, basi, acha. Zungusha nazi kidogo kidogo kwa viganja viwili. Ukikazania pahala pamoja utafika kwenye ngozi upande huu na nyama ibaki upande wa pili.

Uzito kupungua, tazama meno. Yakiwa butu, nazi hutoka vipande badala ya unga laini, na kipande hakikamuliki, mafuta yake hubaki kwenye chicha. Noa kila jino kwa tupa ndogo, ukifuata mlalo wake wa asili. Baada ya kazi osha, kausha, pakaza mafuta ya nazi kwenye chuma. Na kama miguu inacheza, kaza msumari wa maungio kabla hujaikalia: mbuzi ikiyumba, nazi huteleza na vidole huenda kwenye meno.

Jikoni Ng'ambo:
Ahsanteni sana. Na maji kiasi gani?

Mwana wa Chake:
Nazi moja, kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu. Fikicha vizuri, kamua kwa kifumbu. Hilo ndilo tui zito, kasimile, liweke mbali. Tia maji tena upate tui jepesi, na hilo ndilo la kupikia mwanzo. Kasimile litie mwisho, moto mdogo, huku unakoroga kwa upawa bila kuacha mpaka lichemke. Likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea peke yake.

Fundi wa Wete:
Na chicha usiitupe, kuku wanaipenda.