Moulin Rouge ya Paris: niingie na mwanangu?

MamaNgamiani (Tanga)
Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tisa mimi na mzee tunakwenda Paris, kijana wetu anamaliza masomo. Anataka kutupeleka Moulin Rouge, ule ukumbi wa maonyesho ya kucheza usiku, iwe zawadi yetu. Nimefurahi, ila nasikia wachezaji wa pale vifua viko wazi. Mimi ni mtu wa taarabu, nimekesha kumbi nyingi hapa mjini, ngoma hainipi tabu. Tabu ni kukaa meza moja na mtoto niliyemzaa tukitazama hayo. Tena tiketi moja inakaribia laki tatu ya kwetu, naye ni mwanafunzi. Aliyewahi kuingia aniambie ukweli.

Raskazone_Boy
Shikamoo mama. Ni kweli, vifua wazi, na si mmoja wala wawili. Kupiga picha ndani marufuku. Mimi niliishia nje: unashuka kituo cha Blanche, ukipanda ngazi tu unakiona kile kinu chekundu cha upepo juu ya ukumbi. Mapanga yake yalianguka usiku mmoja wa Aprili 2024, yakarudishwa Julai, kabla ya Olimpiki. Nikapanda zangu kilima cha Montmartre kwa miguu, ikanitosha.

MchezaSindimba (Bagamoyo)
Shikamoo mama. Mimi nimesomea ngoma hapa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, nikacheza miaka kumi na nne mpaka goti lilipokataa. Moulin Rouge niliingia 2018, onyesho la saa tatu usiku. Ukumbi unachukua watu kama 850, mmebanana hadi viwiko vinagusana na mgeni usiyemjua.

Sehemu kubwa ni manyoya na mavazi ya kumetameta. Yanapendeza, lakini mwili wangu ulikaa kimya, na sababu naijua: muziki wao umerekodiwa. Kwetu mpiga ngoma macho yake yako kiunoni kwa mchezaji. Ukichelewa anakungoja, ukipamba moto anakuchochea. Pale binti wa watu anaufuata muziki usiomwona. Wakatoa na tangi la maji, msichana akaogelea humo na chatu, ukumbi mzima ukapiga kelele. Mimi nikawakumbuka Wasukuma wanaocheza na chatu shingoni, ngoma ikiwa hai pembeni yao.

Halafu ikaja kankani, ngoma yao ya kurusha miguu. Mama, hapo nilisogea mpaka ukingoni mwa kiti. Mguu unapanda hadi sikioni, sketi zinafunguka kama mwavuli, wanaruka juu na kutua kwa msamba, sakafu inalia. Nilikuwa karibu na jukwaa. Mmoja mkanda wa kiatu chake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na jasho limechora mfereji kwenye poda ya shingo. Anatabasamu, huku mbavu zinapanda na kushuka. Ile kazi naifahamu kwa mwili wangu. Ngoma hiyo ipo pale tangu ukumbi ulipofunguliwa 1889. Uliungua 1915, wakaufungua tena 1921, wakaendelea kuicheza. Dakika zile chache zilinirudishia pesa yangu yote.

Kwa hiyo nenda, ila usiingie na kijana. Wale mabinti hawana ubaya wowote, wanajiheshimu kuliko wengi wanaowasema. Ni kwamba wewe utainamia meza usiku kucha, naye ataangalia dari. Akate tiketi mbili, yako na ya mzee, za onyesho bila chakula cha usiku. Chakula ndicho kinachopandisha bei. Mimi sinywi, niliomba juisi nikaletewa bila maneno. Mzee asivae kaptula wala ndala, watamrudisha mlangoni.

MamaNgamiani
Marahaba wanangu, ahsanteni sana. Nimemsomea mzee yote, pale kwenye mwavuli akaniambia rudia. Kijana nimempigia, amekubali haraka mno, nahisi naye lilikuwa linamkaba. Atatusubiri mkahawani. Sasa hiyo meza ya mbele naiombaje?

MchezaSindimba (Bagamoyo)
Huchagui mama, mhudumu ndiye anayewapeleka kwenye viti. Wahini foleni mapema, na umwambie kwa upole kuwa umetoka mbali.