Waini ya nanasi imenyamaza siku ya tisa: imeiva, imekwama au ndiyo siki?

Mgeni wa Ndoo
Wakuu, heshima kwenu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutengeneza waini, msinicheke sana.

Nilimenya mananasi matatu makubwa, nikayakatakata na kuyaponda, nikatia kwenye ndoo ya plastiki ya kuhifadhia chakula. Sukari kilo moja, maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka jumla ikafika lita 5 hivi. Kisha hamira ya mkate, pakiti moja ya gramu 11. Nikafunika kwa kitambaa safi, nikafunga na mpira. Kesho yake ilikuwa inatokota kama chungu kilicho jikoni, makapi yote yamepanda juu, ukitega sikio unasikia shhh. Kila siku nafunua, nakoroga, nafunika.

Siku ya sita povu likashuka. Siku ya nane kimya kabisa. Nikachuja, nikaonja: pombe ipo, utamu bado upo, na nyuma yake kuna uchachu unaokwaruza koo. Nikajaza chupa mbili za kioo, vizibo vya kusokota nikakaza hadi mwisho, nikaweka kabatini. Iliyobaki, kama lita 3, nimeirudisha kwenye ndoo. Leo siku ya tisa nafunua, nakuta utando mweupe juu kama unga uliopeperuka.

Imeshakuwa siki? Huo utando una madhara? Na kuna mtu kanitisha kwamba waini ya nyumbani inapofusha macho. Nimwage yote yaishe?

Fundi Dumu
Usimwage kitu. Ila kabla hujasoma jibu lingine lolote, nenda kwenye lile kabati. Vaa miwani, yoyote, hata ya jua. Funika chupa kwa taulo nene, usiitikise, legeza kizibo kidogo kidogo ukiwa juu ya sinki. Ukimaliza rudi tuongee.

Kibuyu Kizima
Na waliokaa karibu na kabati wahame kwanza.

Mgeni wa Ndoo
Nimerudi. Chupa ya kwanza niliizungusha robo tu ikapiga mluzi, nikasubiri, ikatulia. Ya pili nikaingiwa na haraka. Nusu yake iko kwenye dari. Nilikuwa nimeziba jana tu mchana! Ulijuaje?

Fundi Dumu
Umenitajia mwenyewe: "utamu bado upo", kisha "nikakaza hadi mwisho". Hayo mawili hayakai chupa moja.

Piga hesabu ya sukari uone. Kwa kawaida gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinakupa asilimia 1 ya pombe. Wewe umetia kilo nzima kwenye lita 5, yaani gramu 200 kwa lita, na hapo tayari unaelekea asilimia 12. Nanasi nalo lina sukari yake, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa nyama yake. Ukijumlisha unapita 14. Sasa hamira ya mkate ilichaguliwa kuumua unga, si kuogelea kwenye pombe. Nyingi huanza kulegea pombe ikikaribia asilimia 10, nyingine hujikokota zaidi kidogo. Kwa hiyo yako imechoka ikiwa bado na chakula mbele yake. Haijafa. Ulipochuja ukaitikisa na kuitia hewa, ikaamka, na ikaamkia ndani ya chupa uliyoiziba.

Gesi ndiyo ya kuogopa. Karibu nusu ya uzito wa sukari inayoliwa hugeuka kabonidayoksaidi. Gramu 4 za sukari kwenye lita moja zinatosha kutoa gesi karibu lita nzima. Watengenezaji wa shampeni huongeza kama gramu 24 kwa lita makusudi, na chupa inafikia shinikizo la karibu mara sita ya hewa tunayovuta, ndiyo maana chupa zao ni nene na nzito na kizibo kimefungwa kwa waya. Chupa yako ya kawaida haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ingepasuka usiku ungeokota vioo hadi kwenye mashati.

Kunyamaza si kuisha. Pata haidromita, ni kile kijiti cha kioo kinachoelea, sukari ikipungua namba yake inashuka. Maji matupu husoma 1.000. Maji ya matunda yaliyotiwa sukari kwa waini ya kawaida huanzia kama 1.085 au 1.090, na waini kavu (isiyo na utamu) iliyomaliza hushuka hadi 1.000 au chini yake, mpaka 0.990. Ikisoma namba ileile siku tatu mfululizo NA namba yenyewe iko chini, imeisha. Ikisoma namba ileile lakini iko juu, kwa mfano 1.025, imekwama. Safari ijayo pima pia siku ya kwanza: toa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131, unapata asilimia ya pombe.

Haraka Haraka
Yote hayo ya nini? Mrushie pakiti nyingine ya hamira ya mkate, itamalizia. Mimi ndivyo nafanya.

Fundi Dumu
Mkuu, hamira kavu ukiitumbukiza moja kwa moja kwenye pombe ya asilimia 10 nyingi inakufa hapohapo. Na hata ikipona, ni ileile iliyoshindwa mwanzo. Achukue hamira ya mvinyo, zipo aina zinazovumilia hadi asilimia 18. Ailoweke kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, kwa dakika 15. Aongeze sukari kidogo, ikianza kutoa povu aipe waini yake nusu kikombe, asubiri ichangamke, aipe nusu kikombe tena, hivyo hivyo mpaka iwe imezoea, ndipo amimine yote.

Haraka Haraka
Sawa, ila yangu hulewesha.

Bi Makapi
Hakuna aliyesema haileweshi, baba.

Mwanangu Mgeni, mimi nakujibu la utando. Uinamie uutazame kwa karibu. Kama ni bapa, mkavu, una mikunjo midogo midogo na hauna manyoya, hizo ni hamira za porini zinazopenda hewa. Kwa kawaida hazina sumu, ila zikiachwa zinaiharibu ladha, waini inakuwa kama maji yaliyolowekwa karatasi. Kama una manyoya, au kuna kijani, cheusi au pinki, huo ni ukungu, hapo mwaga bila kuonja.

Uchachu sasa. Nanasi lina uchachu wake wa asili, kwa hiyo ukali peke yake hauniambii kitu. Nusa. Ikikupiga puani kama siki, au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, vijidudu vya siki vimeshaingia. Vile vinakula pombe na vinahitaji hewa. Mwanasayansi Mfaransa Pasteur alishalionyesha hilo miaka ya 1860. Siku tatu nne za mwanzo kitambaa kinatosha, kwa sababu gesi inapanda kwa wingi na kuifukuza hewa, na kukoroga kunasaidia makapi yasikauke juu. Povu likishashuka, ile blanketi ya gesi haipo tena. Wewe ukaendelea kufunua na kukoroga. Mimi niliwahi kupoteza lita 20 za embe kwa kosa hilihili, na nilikuwa nimeshamwahidi kila mtu.

Kwa hiyo: engua utando kwa kijiko kilichochemshwa, hamishia waini kwenye dumu lenye shingo nyembamba, lijae mpaka karibu na mdomo. Hamisha kwa mpira wa kupitishia maji taratibu, mdomo wa mpira uguse chini, isimwagike kama bomba la mvua. Mashapo yaache kwenye ndoo. Toboa kizibo, pitisha mpira mwembamba, ncha ya pili izamishe kwenye glasi ya maji. Gesi inatoka, hewa haiingii.

Kibuyu Kizima
Mie natumia puto lililotobolewa kwa sindano. Likisimama ujue bado inapika, likilala imepoa.

Bi Makapi
Puto sawa kwa kuanzia, ila kwa miezi miwili linachakaa na kupitisha hewa. Mpira na glasi.

Kibuyu Kizima
Sikatai. La macho nalijibu mimi. Ile pombe ya kupofusha ni methanoli. Matunda yana pektini (kile kinachogandisha jemu), na pektini ikivunjika hutoa methanoli kidogo sana, kama ilivyo kwenye waini za matunda zinazouzwa. Kuchachusha hakuizidishi ikafikia kiwango cha kudhuru. Watu wanaopofuka na kufa kwa kawaida wamekunywa pombe kali iliyochakachuliwa kwa methanoli ya viwandani, au iliyokenekwa ovyo, yaani kuchemshwa na kukusanya mvuke wake. Usikeneke. Ni hatari kwa moto na kwa afya, na nchi nyingi hairuhusiwi bila leseni. Hata kuchachusha tu, angalia sheria ya ulipo.

Mgeni wa Ndoo
Wakuu, mrejesho baada ya wiki mbili na nusu. Zile chupa mbili, au niseme moja na nusu, nilizimimina kwenye dumu dogo nikaweka mpira na glasi. Haidromita ilisoma 1.024. Nikalisha hamira ya mvinyo kama Fundi alivyosema, kikombe kwa kikombe, karibu siku nzima imeisha nikiwa jikoni. Glasi ikaanza kububujika usiku uleule. Jana 1.002, leo 1.002.

Ile ya ndoo niliengua, nikanusa. Siki, Bi Makapi. Haina ubishi.

Fundi Dumu
Subiri siku mbili tatu upime tena. Ikibaki hapo usikimbilie chupa, iache itulie na kujisafisha, mashapo yakijaa chini hamisha tena. Miezi mitatu si mingi. Ikionjeka kali sasa hivi usiihukumu.

Bi Makapi
Pole kwa hiyo nyingine. Ichuje, iache na kitambaa ikamilike, itakufaa kwenye kachumbari. Lakini ndoo hiyo na mwiko wake vitenge kabisa, viwe vya siki maisha. Plastiki ikishachubuka ndani, vijidudu vinajificha kwenye michubuko, na utakuja kuvilalamikia kwenye waini inayofuata.

Mgeni wa Ndoo
Nimeiandika SIKI kwa kalamu ya wino mzito. Dari ndiyo bado inanata.