Kugeuza stoo ya ghorofa ya kwanza iwe chumba cha eksirei: tuanzie wapi?

Kliniki_Kayole
Wadau, habari za jioni. Hospitali yetu ndogo hapa Kayole, Nairobi, inataka kugeuza stoo iliyo ghorofa ya kwanza iwe chumba cha eksirei. Mashine ni ya kidijitali, kilowati 50, ina meza na stendi ya kupiga picha za kifua. Chumba ni mita 3.8 kwa 4.6, dari mita 2.8. Kuta za nje ni mawe ya mashini ya inchi 9, za ndani inchi 6. Sakafu ni ya boriti na bloku. Chini yake kuna ofisi ya rekodi, na ukuta mmoja unapakana na wodi ya akina mama. Fundi anataka kubandika bati la risasi (madini mazito ya kuzuia mionzi) la milimita 2 kuta zote wiki ijayo. Je, yuko sawa? Na stima tuliyo nayo ni fezi moja.

Kinga_ya_Mionzi
Fundi asimame kwanza. Tatizo lenu kubwa haliko ukutani, liko sakafuni.

Mgonjwa akilala mezani, mwale mkuu wa mionzi unashuka wima, na chini yake ameketi karani wa rekodi kutwa nzima. Sakafu ya boriti na bloku kwa kawaida hubeba zege la juu la milimita 50 hadi 75, na bloku zenyewe zina uwazi ndani. Hiyo si kinga ya kutegemea. Tena boliti za kushikilia meza na nguzo ya mashine zitatoboa hadi kwenye uwazi huo na zitalegea.

Shauri langu: rekodi zipande juu, eksirei ishuke chini. Sakafu iliyolala juu ya ardhi haina mtu wa kukingiwa, na mgonjwa aliyevunjika mguu hatapanda ngazi. Mafaili yakiwa juu, mahali ambapo watu hawakai muda mrefu, hata hesabu ya dari inakuwa nyepesi, lakini bado ifanywe.

Hesabu hiyo ni ya mtaalamu wa fizikia ya tiba, si ya fundi. Anaangalia idadi ya picha kwa wiki, mwale unaelekea wapi, umbali, na nani yuko upande wa pili. Kikomo cha mionzi kwa mtu wa kawaida ni milisiveti (kizio cha dozi ya mionzi) 1 kwa mwaka. Michoro ipelekwe kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, kabla ya kugusa ukuta. Stendi ya kifua ielekezwe ukuta wa nje usiopitiwa na watu, kamwe si upande wa wodi.

Kuhusu mawe: majedwali mengi ya kinga yameandikwa kwa zege la kilo 2,350 kwa mita ya ujazo. Mawe yetu ya mashini, yanayochimbwa Ndarugo, ni mepesi zaidi na yana vinyweleo, kwa hiyo msiazime takwimu za zege. Chukueni jiwe moja kavu, lipimeni uzito, gawanyeni kwa ujazo wake, mpeni mtaalamu jibu. Viungo navyo vichunguzwe. Mahali ambapo mota haikujaa, mionzi inapenya.

Stima_na_Athi
Fezi moja haitaendesha kilowati 50, isipokuwa mashine iwe ile yenye betri au kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme) zake. Ombeni fezi tatu Kenya Power sasa hivi, maana hiyo ndiyo huchelewesha kazi kuliko ujenzi wenyewe.

Picha inapopigwa, kila fezi hubeba ampia 70 na zaidi kwa muda mfupi mno. Kebo ikiwa nyembamba, volti huanguka papo hapo, mashine inakata picha katikati, na watu wanaanza kubadilisha bodi za ndani ya mashine zisizo na kosa. Shaba ya milimita mraba 16 kwa mita 60 ina ukinzani wa omu 0.066 kwa kila waya; ya 35 ni omu 0.03. Kitabu cha mashine kinataja kikomo cha ukinzani wa laini nzima, kuanzia transfoma. Kebo iwe ya mashine peke yake, itoke bodi kuu.

Athi, yaani waya na fimbo za kupeleka umeme ardhini, msiipime msimu wa mvua mkaridhika. Udongo mweusi wa huko Eastlands hupasuka wakati wa kiangazi na kuachana na fimbo, ukinzani unapanda. Pimeni Februari.

Kliniki_Kayole
Asanteni sana. Ofisi ya rekodi ni mita 4 kwa 5, tutabadilishana. Mlango je?

Kinga_ya_Mionzi
Uwazi wa mita 1.2, kitanda kipite bila kugonga. Sasa pigeni hesabu ya uzito. Risasi ya milimita 2 ina kilo 22.7 kwa mita mraba. Mlango wa 1.2 kwa 2.1 unabeba kilo 57 za risasi tupu, kabla ya mbao. Bawaba za kawaida zitalegea, mlango ushuke, mwanya ufunguke upande wa juu. Wekeni bawaba nzito nne, au mlango wa kuteleza.

Risasi ya mlango ipishane na ya fremu, na ya fremu ipishane na ya ukuta. Igundishwe kwenye plaiwudi uso mzima, kwa sababu ikining'inizwa kwa misumari huteremka kwa uzito wake mwenyewe. Kila kichwa cha skrubu na kila boksi la soketi lifunikwe kwa risasi nyuma. Pigeni picha kila kiungo, futi ya kupimia ikionekana, kabla ya kufunika.

Usafi_wa_Wodi
Ukuta wa wodi msiuguse kabla ya kuziba njia ya vumbi. Vumbi la mawe hubeba vimelea vya ukungu, na mama aliyejifungua kwa upasuaji hapaswi kulivuta. Shuka za nailoni toka sakafu hadi dari, kingo zibandikwe utepe, feni isukume hewa nje kupitia dirishani. Lowesheni jiwe kabla ya kukata. Kifusi kitoke kwenye mapipa yenye vifuniko, kwa mlango wa nyuma. Risasi ikatwe kwa kisu au mkasi, grinda isiiguse.

Kinga_ya_Mionzi
Mkimaliza, wekeni mtungi wa maji wa lita 20 mezani badala ya mgonjwa, mtaalamu apige mionzi huku akipitisha kipimo kwenye kingo zote za mlango, hasa chini, na nyuma ya kioo cha mhudumu. Mgonjwa wa kwanza asiingie kabla ya kipimo hicho kuandikwa na leseni kutoka.