MREJESHO: Filta ya kelele za pawa, simulesheni na bodi sasa zinaelewana

Wakuu, niliuliza kwa nini filta yangu ya indakta (koili) ya 10 µH na kapasita ya 10 µF inakata kelele za umeme vizuri kwenye LTspice (programu ya kusimuleti saketi) ila kwenye bodi zinapita tu. Tatizo lilikuwa kapasita! Ile ya seramiki ikipewa 24V inabaki kama 4 µF, kwa hiyo rezonansi (masafa ambapo filta inakuza kelele badala ya kuzikata) inapanda toka 16 kHz hadi 25 kHz, na mimi nilikuwa nimeiweka kama kapasita kamilifu, haina ESR (ukinzani wake wa ndani) wala ESL (induktansi yake ya ndani), indakta nayo haina kapasitansi yake. Nimeweka vyote, nikaongeza LISN ya 50 µH (saketi ya kupimia kelele kwenye laini ya pawa) na kapasita ya elektrolitiki ya 47 µF kutuliza rezonansi, sasa grafu inafanana na vipimo. Asanteni sana, mmeniokoa kweli. Juu ya 10 MHz bado napambana.