Mama amevimba mdomo kwa dawa ya tansio. Ni kweli damu yetu inazikataa dawa hizi?

Binti wa Nyawera

Jambo kwa wote. Naandika toka Bukavu, mnivumilie maana habari ni ndefu.

Mama yangu ana miaka 63, na tansio, yaani shinikizo la damu, anayo tangu zamani. Mwezi wa tatu dawa zake ziliisha, na mdogo wangu aliye Brussels akatuma kwa msafiri boksi tatu za enalaprili, miligramu 20, kwa sababu mama mkwe wake huko anameza hiyo hiyo na inamfaa sana. Tulishukuru. Wiki ya tatu mama akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, hasa usiku. Tukampa siropu, tukampa tangawizi na asali, mwisho tukampeleka kupimwa makohozi tukiogopa kifua kikuu. Hawakuona kitu. Hakuna aliyeuliza anameza dawa gani, na mimi sikuwaza kusema.

Jumapili moja asubuhi alitoka chumbani mdomo wa chini umevimba kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Hauwashi, hauumi. Akaketi zake kuchambua sambaza za mchana. Saa nane ulimi ulikuwa umemjaa kinywani, akiniita jina langu halitoki. Nilimpakia kwenye pikipiki, yeye katikati yangu na dereva, tukateremka toka Kadutu nimemshika kidevu nisikie kama bado anapumua. Alilala hospitali siku mbili. Daktari aliikataza ile dawa, akaniambia kwamba jambo hili huwapata watu weusi zaidi.

Neno hilo limetugawa nyumbani. Mama mkubwa amefunga vidonge vyake mwenyewe kwenye kitambaa na hamezi tena, anasema dawa za Wazungu zilipimwa kwa damu ya Wazungu. Mdogo wangu kwa simu anasema daktari anasingizia rangi. Nani ana haki? Na mama atumie nini sasa?

Muuguzi wa Ibanda

Pole sana dada, na pole kwa mama. Ulifanya vema kukimbia. Ulimi ukivimba mtu hasubiri kesho.

Enalaprili inazuia kimeng'enya kimoja mwilini, na hapo mishipa inalegea, tansio inashuka. Lakini kimeng'enya hicho kina kazi nyingine: kinavunja kitu kiitwacho bradikinini. Kisipovunjwa kinajaa. Kikijaa kwenye mapafu kinaleta kikohozi kile kikavu, na kwa watu wachache kinavimbisha midomo, ulimi na koo. Kwa hiyo kikohozi na uvimbe wa mama vilitoka kwenye chungu kimoja. Si mzio wa kawaida, ndiyo maana hakuwashwa, na ndiyo maana sindano za mzio mara nyingi hazisaidii sana. Dawa ni kuiacha dawa yenyewe na kuilinda njia ya hewa.

Daktari hakusingizia. Uvimbe huu hupata chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini kwa watu wenye asili ya Afrika umeonekana mara 3 hadi 5 zaidi ya Wazungu. Unaweza kuja wiki ya kwanza, unaweza kuja baada ya miaka. Mama asiguse tena jamii yote ya majina yanayoishia na "prili": kaptoprili, lisinoprili, ramiprili, perindoprili. Andika kwenye fishi yake, ile kadi ya hospitali, kwa kalamu nyekundu, juu kabisa.

Baba Amani

Mimi neno "damu yetu" linanitia wasiwasi, niseme wazi. Damu ya nani? Hakuna bara lenye tofauti nyingi za kurithi kama Afrika. Mshi wa hapa Kivu na Mbuti wa Ituri wanaweza kutofautiana ndani ya mwili kuliko Mfaransa na Mchina.

Chukua kodeini, ile ya maumivu na kikohozi. Ini ndilo linaigeuza kuwa mofini. Nchini Ethiopia utafiti ulikuta karibu watu 3 kati ya 10 wana nakala za ziada za jeni inayofanya kazi hiyo, kwa hiyo kipimo cha kawaida kinaweza kuwazidi nguvu. Huko Ulaya ya Kaskazini ni mmoja au wawili kati ya 100. Sasa Mkongomani umweke wapi kwa kumtazama ngozi tu?

Mgeni wa Goma

Ninaunga mkono, na nina ushahidi wa nyumbani kwangu. Naishi na virusi vya UKIMWI, sifichi. Mwaka 2014 nilianzishwa dawa zenye efavirenzi, kidonge kimoja usiku. Wiki ya kwanza niliota ndoto ambazo siwezi kuziandika hapa. Naamka, ukuta wa chumba unatembea, nashika kitanda kwa mikono miwili. Wazee wa kanisa walikuja kuniombea siku tatu, kila mtu akisema nimerogwa. Mke wangu, tumetoka kijiji kimoja, alimeza kidonge hicho hicho saa ile ile na akalala kama mtoto.

Miaka baadaye daktari mmoja kijana alinieleza: kuna jeni ya ini ambayo kwa wengine inaivunja efavirenzi polepole, dawa inabaki nyingi mwilini. Aina hiyo ya polepole imeenea kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, lakini si kila Mwafrika anayo. Mimi huenda ninayo, mke wangu hana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka dolutegraviri mbele, nami nikabadilishiwa. Ndoto zikaisha. Mwambieni mama mkubwa hivyo: sikuacha dawa, nilibadilisha.

Mfamasia Lushi

Salamu toka Lubumbashi. Nijibu la "atumie nini", ingawa wa kuandika dawa ni daktari wake.

Watu wengi wenye asili ya Afrika wana tansio ya renini ndogo (renini hutoka kwenye figo na huanzisha njia ya kupandisha tansio), mwili unashika chumvi na maji. Dawa za "prili" zikiwa peke yake huzuia njia hiyo ya renini, ambayo kwao haina nguvu nyingi, ndiyo maana mara nyingi hazishushi vya kutosha. Zinazoanza vizuri ni amlodipini, au dawa ya kukojoza kama hidroklorotiazidi. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliofanywa kwetu wenyewe, katika nchi sita zikiwemo Kenya, Uganda na Kameruni. Amlodipini ikiunganishwa na hidroklorotiazidi, au ikiunganishwa na perindoprili, ilishusha tansio kuliko perindoprili na hidroklorotiazidi bila amlodipini.

Angalieni hapo: perindoprili ni "prili", na pamoja na amlodipini iliwafaa Waafrika vizuri. Kwa hiyo maneno ya kwamba dawa hizi hazitufai si kweli. Hazimfai mama yako, kwa sababu mwili wake umeshasema. Akianza amlodipini na vifundo vya miguu vikivimba kidogo, asiogope kama siku ile, hiyo inajulikana, amwambie daktari.

Mama Neema

Kwangu ni mtoto wa kiume. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai iliyokolea, macho manjano, tukadhani palu, yaani malaria, kali. Kumbe ni nguo zilizojaa naftalini, vile vidonge vya kufukuza nondo, nilikuwa nimemvisha bila kufua. Ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, wa kurithi toka kwangu. Walinieleza kwamba hali hii imeenea sehemu zenye palu nyingi kwa sababu inakinga kidogo, lakini primakini ya palu na dapsoni ya ukoma zinaweza kumpasua chembe za damu. Karatasi yake naitembeza kila tunapoenda.

Kijana wa Bagira

Mimi naona arudi kwenye majani tu, bibi zetu waliishi.

Muuguzi wa Ibanda

Ndugu, wodini ninawageuza kitandani mabibi waliopooza upande mmoja. Majani anywe akipenda, lakini amwambie daktari, na kidonge asiache.

Binti wa Nyawera

Narudi baada ya wiki tano, asanteni nyote. Mama ameandikiwa amlodipini, na kikohozi kimekwisha kabisa. Jana walimpima 138 kwa 84. Siku anaanza ilikuwa 176 kwa 102. Fishi ina maandishi mekundu, na nimepiga picha nikamtumia mdogo wangu. Alikaa kimya, kisha akaniuliza boksi mbili zilizobaki tumezipeleka wapi. Nilimwambia nimezirudisha kwa mfamasia, hatutampa jirani.

Mama mkubwa nilimsomea habari ya Mgeni wa Goma, yote, hadi kwenye ukuta unaotembea. Alifungua kitambaa chake, akanipa vidonge nimsomee majina kimoja kimoja. Hakuna "prili" hata kimoja. Kesho asubuhi nampeleka kupimwa.