Naombeni ushauri: boti ikikushinda baharini uizamishe au uiache ielee?

Wakuu habari za jioni, mimi niko Dodoma huku Nkuhungu, bahari yangu ni bwawa la Mtera tu, ila nilichanga hela na shemeji yangu wa Tanga tukanunua yoti ya mtumba, ya faiba, futi 30, sasa anataka kwenda nayo Komoro na ndo ugomvi ulipoanzia. Anasema hali ikichafuka wakaokolewa na meli, yeye kabla hajatoka anakata lile bomba la maji ya bahari chini ya sinki, anaacha valvu wazi, inazama, kwisha habari, maana ikibaki inaelea usiku bila taa wengine wataigonga. Hapo kweli ana pointi.

Ila mimi nawaza hela yangu jamani. Nimesoma kuhusu mashindano ya Fastnet ya 1979, yale ya Uingereza, dhoruba ilifanya watu waziache yoti 24 na zilizozama ni 5 tu, zingine zilikutwa zinaelea. Sasa si bora uiache uwashe taa, utoe taarifa ilipo? Halafu bima, ukizamisha mwenyewe si watakuruka? Na dizeli iliyomo je?

Shemeji kanijibu "we lima zabibu zako". Nimenuna mpaka leo.

Mliofanya kazi melini, hapo anaamua nahodha peke yake au na sisi wenye mali tunasikilizwa? Nijibuni mapema, anasubiri kaskazi ianze tu aondoke.