Tupeane uzoefu: siku uliporudisha betri kwenye gari lililolala muda mrefu

Mwanzisha mada:
Wakuu, salaam. Gari langu lilikaa chini ya turubai miezi minane, waya wa hasi ukiwa umefunguliwa, nami nilipoinua boneti niliamini kwamba kazi iliyobaki ni kukaza nati moja. Kipima volti kilisoma 11.8, ilhali betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6, hapo ndipo nilipoelewa kwamba betri hujimaliza yenyewe polepole hata ikiwa haijaunganishwa na kitu. Niliichaji usiku kucha kwa mkondo mdogo, gari likawaka, lakini kila asubuhi stata (mota inayowasha injini) inazunguka kwa uvivu. Aliyepitia haya atueleze, hasa yale ambayo hakuna aliyemwonya.

Spana Kumi:
Mimi nilifunga hasi kwanza. Nilipokuwa nakaza chanya, spana ikagusa bodi, na cheche iliyoruka iliacha kovu ambalo bado lipo kwenye spana hiyo. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo nilikuwa nimeunganisha ncha mbili za betri kwa kipande cha chuma nilichokishika mkononi. Laiti betri ingekuwa imetoka kwenye chaja muda huohuo, na hidrojeni bado inaelea juu yake, nisingekuwa naandika kwa utulivu huu. Siku hizi chanya hutangulia na hasi hufuata. Wakati wa kufungua, hasi ndiyo hutoka kwanza.

Mama Pacha:
Betri ya gari langu iko kwenye buti, na buti lenyewe hufunguka kwa umeme. Nilitoa waya, nikafunga buti, nikaenda zangu (cheka tu, ndugu msomaji). Miezi sita baadaye niliingia kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, nikakunja kiti cha nyuma na kutambaa hadi kwenye betri nikiwa na tochi mdomoni. Nilipounganisha, king'ora kililia, redio ikadai namba ya siri, vioo vikakataa kupanda vyenyewe, na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikawa inapanda na kushuka kana kwamba injini inataka kuzima.

Fundi Mstaafu:
Mama Pacha, gari lako halikuharibika, bali kompyuta yake ilisahau vipimo ilivyojifunza. Magari mengi hutulia ukiacha injini iungurume dakika kadhaa bila kukanyaga mafuta, kisha ukaliendesha taratibu. Kwa kioo, kipandishe hadi mwisho na uendelee kushikilia swichi sekunde chache. Namba ya redio mara nyingi huwa ndani ya vitabu vya gari. Kwako Mwanzisha mada, betri iliyokaa tupu huota chumvi ngumu juu ya mabamba ya risasi, na chaji ya usiku mmoja haiiondoi yote. Ichaji ijae, iache itulie usiku mzima bila waya, kisha upime. Usitegemee altaneta, yaani jenereta inayochaji betri injini ikiwaka, kwani hiyo imeundwa kutunza chaji, si kufufua betri iliyokufa.

Mwanzisha mada:
Nashukuru, mzee wangu. Nimefanya hivyo, na leo asubuhi imesoma 12.1. Natafuta nyingine, na hiyo mpya haitalala tena bila chaja ya kutunza.